Sauti Moja kwa Wanafunzi Tisa

Jumatano, 15 Januari 2025
Mvua tangu alfajiri. Kwenye kikao cha idara tumekubaliana kwamba mwaka huu wanafunzi wa mazoezi ya kufundisha hawatakaguliwa kwa gari kama zamani. Gari la chuo liko gereji, na barabara ya kwenda Mamba ikishalowa hata malori hulala njiani. Wazo nimelitoa mimi. Kila mwanafunzi ajirekodi video akifundisha kipindi kizima, anitumie kwa simu, nami nimrudishie mrejesho kwa sauti. Nilisema sauti inashinda maandishi, maana mwanafunzi anasikia kabisa kwamba kuna mtu amemtazama. Dk. Enoka, naibu mkuu wa chuo upande wa taaluma, alifurahi akasema huu ndio ubunifu anaoutafuta siku zote. Helena, tunayekaa naye ofisi moja, aliuliza wanafunzi wangu ni wangapi na kipindi kina dakika ngapi. Nikamwambia ni ishirini na wanane, dakika arobaini, na nitaweza.

Jumatatu, 20 Januari
Wanafunzi wameondoka kwenda vituoni. Wengine Sitalike, wengine Kasokola, wawili Mamba.

Jumanne, 28 Januari
Video zimeanza kuingia. Zinakuja jioni kwa mkupuo, kwa sababu huko waliko inabidi watafute sehemu yenye mtandao. Nimekaa nazo siku nzima na sijachoka. Kuna raha kumwona mtu uliyemfundisha akisimama mbele ya watoto, chaki mkononi, shati limepigwa pasi.

Leo nimemtumia sauti ndefu kijana anayeitwa Heri. Yeye ni wa Mamba kwao kabisa, amepangwa shule ya kata iliyo jirani na nyumbani kwa mama yake, pamoja na mwenzake Glory. Anafundisha Kiswahili kidato cha pili. Maandalizi yake ni mazuri mno, lakini kipindi kizima kaandika ubaoni na kuwanyooshea watoto kidole wasome. Yeye mwenyewe hakusema hata sentensi tano. Nikamwambia, "Heri, usijifiche nyuma ya ubao. Watoto wanataka kukusikia wewe. Kipindi kijacho ongea, uniletee nikuone." Nilijisikia mwalimu haswa.

Sikumbuki kama niliwahi kumsikia akiongea darasani kwangu. Ukumbi wetu una watu mia mbili, wanaoongea ni walewale.

Jumatatu, 3 Februari
Mvua. Umeme umekatika mara tatu.

Alhamisi, 6 Februari
Video za awamu ya pili. Dk. Enoka amenipigia kuuliza ni wanafunzi wangapi wameshapata mrejesho. Hakuuliza kitu kingine, idadi tu. Anaandaa taarifa, na anataka niende Dodoma mwezi wa tatu nikaueleze mradi wetu kwenye mkutano wa vyuo. Nimeanza kutengeneza slaidi.

Denis wa Sitalike na Mercy wa Kasokola wana makosa yaleyale: hawatembei darasani, hawaiti watoto kwa majina. Nilirekodi ya Denis, kisha nikaona si lazima kurudia. Nikaisambaza kwa Mercy vilevile ilivyo. Haikuwa na jina ndani. Hakuna aliyedhurika.

Jumanne, 11 Februari
Nimegundua kwamba ukitazama dakika tatu za mwanzo unaijua video nzima. Anayeanza vizuri humaliza vizuri.

Asubuhi nilikaa barazani nikarekodi moja nzuri, ya kutosha watu wengi. Nilisema: "Hongera sana mwalimu mtarajiwa. Nimekutazama mwanzo hadi mwisho. Sauti yako inasikika vizuri, unajieleza kwa ufasaha, na darasa liko mkononi mwako. Endelea hivyohivyo." Jogoo wa jirani aliwika katikati, nikaona uvivu wa kurudia. Nimeituma kwa tisa ambao video zao zilikuwa bado hazijafunguka sawasawa.

Mke wangu Gaudensia alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza huyo niliyemsifu ni nani. Nikasema ni wanafunzi.

"Ni wangapi?"

"Tisa."

Aliendelea kuchambua, mimi nikaingia ndani kwenye slaidi zangu.

Ijumaa, 14 Februari
Dk. Enoka amenisifu mbele ya kikao. Asilimia mia moja ya wanafunzi wamepata mrejesho ndani ya siku nne. Watu walipiga makofi. Helena alipiga pia, ila aliniangalia kidogo zaidi ya kawaida.

Jumatatu, 17 Februari
Slaidi zimekamilika. Mvua haijakata.

Jumanne, 18 Februari
Ninaandika haya mchana, mlango wa ofisi nimeufunga kwa ufunguo.

Saa nne Glory alipiga simu kutoka Mamba. Kwanza shikamoo, kisha habari za nyumbani, kisha za mvua, taratibu zote kama binti aliyelelewa. Nikamwuliza kuna tatizo gani. Akasema Heri ameacha. Hajaonekana shuleni tangu Alhamisi, ameingia kwenye mpunga wa mama yake, na amesema hatarudi chuo.

Nikamwuliza sababu. Nikadhani mtandao umekatika.

"Mwalimu," akasema, "na mimi ulinitumia ileile."

"Ileile ipi?"

"Ya sauti. Tulikuwa tumekaa pamoja na Heri. Nikamfungulia yangu, kisha akafungua na yake. Jogoo anawika palepale."

Nikajikuta namwuliza kama bando lake limebaki, swali la kijinga. Yeye ndiye aliyenionea huruma. Akasema, kwa sauti ya chini, "Mimi sikuumia sana, mwalimu. Lakini ile ya Heri, uliiangalia?"

Nikamdanganya kwamba ngoja niirudie.

Nimeifungua sasa hivi, kwa mara ya kwanza. Simu imesimamishwa juu ya dawati la nyuma. Heri anaingia, anasalimia, watoto wanasimama. Anaweka chaki mezani, makusudi kabisa, ili asiiguse. Ananyoosha mikono yake mitupu na kuanza. "Leo tutajifunza ki..." Neno ni kiambishi. Halikutoka. "Ki-ki-ki..." Shingo inakaza, macho anayafumba. Anavuta pumzi, anaanza upya, anafika palepale. Mtoto mmoja anacheka, kisha mwingine anamwigiza, "ki-ki-ki," na darasa zima linaangua kicheko. Angeweza kuichukua chaki. Nilimwona akiitazama. Hakuichukua. Alijaribu tena na tena, na kila mara aliinua uso kuiangalia kamera, yaani kuniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia aongee. Baadaye hakujaribu tena. Alisimama tu mbele yao, kimya, mikono ubavuni, hadi kengele ikalia. Watoto wakatoka wakisukumana. Ndipo akasogea karibu na simu, na pale ambapo hakuna wa kumcheka maneno yakatoka, kwa shida lakini yakatoka: "Mwalimu, nimefanya u-ulivyosema. Naomba unisaidie. Niambie nifanyeje."

Na mimi nikamjibu kwamba anajieleza kwa ufasaha.

Nimewahi kuaibika mbele ya watu. Hii ni tofauti. Niko peke yangu humu ndani na nimefunika uso kwa mikono.

Jumatano, 19 Februari
Simu ya Heri haipatikani. Nimemtumia sauti ya kuomba radhi, haijafika. Ikanijia kwamba hata radhi nimeirekodi. Nimeifuta.

Dk. Enoka amenikuta koridoni, amesikia kuna mwanafunzi mmoja hajaonekana kituoni. Nikamwambia anaumwa malaria. Ulimi haukukwama hata kidogo. Mimi naongea vizuri.

Ijumaa, 21 Februari
Nimemsimulia Gaudensia yote. Nilitegemea anikemee, au anitetee. Aliniuliza tu basi la Mamba linaondoka saa ngapi.

Jumapili, 23 Februari
Nimerudi leo. Jana ilikuwa hivi.

Basi lilipita kwenye hifadhi ya wanyama salama, baada ya Kibaoni tukakwama. Wanaume tulishuka kusukuma, nikafika Mamba na matope hadi mapajani. Glory alinielekeza nyumbani kwa akina Heri na hakutaka kunisindikiza.

Mama yake anaitwa Scolastica, mjane, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kanisani. Nilimwamkia, nikajitambulisha kuwa ni mwalimu Fabiani wa chuoni Mpanda. Kabla sijamaliza akanishika mikono yote miwili.

"Ndiye wewe," akasema. "Ile sauti ndiyo wewe."

Kumbe Heri alipoipokea ile sauti alikuwa barazani kwao, akaifungua mbele ya mama yake. Mama akaomba arudie. Akaenda kumwita jirani naye aje asikie. Akaniambia kwamba tangu mtoto huyo aanze kusema, watu wamemcheka: kisimani, shuleni, hata siku ya kipaimara. Kwamba yeye amepiga magoti miaka yote kuomba apatikane mtu mmoja tu, mwenye elimu, aseme mwanangu anaongea vizuri. "Na wewe ukasema kwa ufasaha. Nililia, baba. Sasa simwelewi huyu mtoto, mbona ameacha? Wewe umekuja kumrudisha, Mungu akubariki." Akamwita binti wa jirani, akamtuma akamate kuku.

Ningemwambia palepale. Sikumwambia. Nilisema nimwone Heri kwanza, nikaondoka kama mtu aliyeiba.

Alikuwa kwenye majaruba ya mpunga, anapandikiza. Nilivua viatu nikaingia kwenye maji. Aliniona, akanisalimia kwa adabu, mgongo ukabaki umeinama. Nikachukua fungu la miche nikapanda pembeni yake, vibaya, naye akawa anaing'oa ninayoikosea na kuirudisha vizuri.

Nilimwambia kwamba sikuitazama video yake. Kwamba niliitazama Jumanne, baada ya Glory kunipigia. Kwamba nilirekodi maneno matupu barazani nikawatumia watu tisa kwa sababu nilitaka idadi itimie na niende Dodoma. Sikutaja mtandao wala umeme, ingawa vilinijia mdomoni.

Alipanda hadi mwisho wa mstari. Kisha akanyooka. Nitaandika alichosema bila kukwama kwake, kwa sababu kukwama kwenyewe kulikuwa kwingi, na safari hii nilingoja.

"Mara ya kwanza niliposikia, nilidhani unanicheka. Nikasema sawa, hata yeye. Kuchekwa nimekuzoea. Glory alipofungua yake ndipo nikajua hukunicheka. Hukuniona." Akatazama maji. "Afadhali ungenicheka, mwalimu. Anayecheka ameangalia."

Nikasema nisamehe. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Nikamwuliza kama atarudi. Akasema hajui. Akirudi, hataki mimi niwe wa kumkagua. Nikasema ni haki yake. Kisha akasema jambo lililonivunja kabisa: mama yake asiambiwe. Nimwache na furaha yake. Ndiyo maana alimwambia anaacha kwa ajili ya mpunga.

Tulirudi nyumbani. Kuku alikuwa tayari, wali umepakuliwa, na yule jirani ameitwa aje aone mwenye ile sauti. Mama Scolastica aliniombea kwa sauti, jina langu na la mke wangu na la watoto wangu. Heri aliangalia sahani yake. Nikaona kwamba nikila kwa heshima ile nitakuwa nimemdanganya huyu mama mara ya pili, tena nikiwa nimejificha nyuma ya mwanawe. Nilikuwa nimeombwa na Heri ninyamaze, lakini pia nilikuwa nafurahia kuombwa hivyo, na hilo ndilo lililonishtua. Nikamtazama. Alielewa. Akainamisha kichwa, kukubali.

Nikamwambia mama ukweli. Jirani aliinuka taratibu akaondoka. Mama Scolastica alinisikiliza huku mkono uko kwenye bakuli la maji ya kunawa. Nilipomaliza, aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo hukumsikia?"

"Sikumsikia, mama."

Alikausha mkono wake kwa khanga, kidole kwa kidole. Nilisimama nijiondokee. Akanisogezea sahani.

"Kula, mwalimu. Chakula hakina kosa."

Nilikula. Sijawahi kula chakula kigumu kama kile.

Jumatatu, 24 Februari
Nimekwenda kwa Dk. Enoka nikamweleza, na ile malaria pia. Alifunga mlango. Si mtu mbaya. Alisema taarifa imeshatumwa, kwamba video ishirini na nane kwa mtu mmoja ni nyingi na yeye analijua hilo, kwamba nimwandikie kijana apumzike mwaka mmoja na mambo yaishe kimyakimya. Nikasema Dodoma siendi. Akasema nifikirie. Nikasema nimeshafikiria. Akakasirika hapo, akasema basi nisubiri barua.

Jumanne, 25 Februari
Nimewapigia wale tisa, mmoja mmoja, simu ya kawaida. Mercy na Denis hawakuwemo, lakini niliwapigia nao. Wengi walisema hakuna shida, mwalimu. Denis alicheka akasema walishajua, Sitalike nzima ile sauti wanaiigiza jioni, hadi jogoo. Glory alisema asante kwa kupiga. Ni kijana mmoja tu wa Kasokola aliyenitukana, kwa lugha ya heshima kabisa. Nilimshukuru.

Alhamisi, 27 Februari
Natazama video upya, kutoka mwanzo. Ile kanuni yangu ya dakika tatu ilikuwa uongo. Anayeanza vizuri si lazima amalize vizuri.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Padre alinipaka kama alivyowapaka wengine. Nilikuwa nimetamani, sijui kwa nini, angebonyeza zaidi.

Jumatano, 12 Machi
Barua imekuja. Onyo la maandishi. Ukaguzi wa wanafunzi wote umegawanywa kwa watu wanne, na wale wa Mamba amepewa Helena. Slaidi zangu atazisoma mtu mwingine huko Dodoma, jina langu limeondolewa. Nilidhani kuondolewa jina kutaniuma. Nilipata nafuu, kisha nikaona aibu kwa ile nafuu.

Jumatatu, 17 Machi
Glory ametuma ujumbe kwa Helena: Heri ameonekana shuleni. Mama yake ndiye aliyemsindikiza hadi getini.

Ijumaa, 21 Machi
Gari la chuo limetoka gereji na mvua imepumzika siku nne. Helena ameamua kwenda Mamba mwenyewe, video amesema hazitaki. Aliniomba niende naye, kwa sababu dereva ni mpya na hafahamu njia. Nikamwambia Heri hanitaki darasani. Akasema hakuna aliyenialika darasani.

Kwa hiyo nilibaki nje, kwenye kivuli cha ukuta, chini ya dirisha lisilo na kioo. Watoto hawakuniona. Nilimsikia akisalimia. Nilimsikia akiwaambia, kabla ya somo, kwamba yeye ana kigugumizi, kwamba neno likikwama wasimsaidie na wasimcheke, wasubiri, litakuja. Alilisema hilo taratibu sana, na lilimchukua muda. Mtoto mmoja akacheka. Akamngoja huyo naye amalize.

Kisha akafundisha. Alikwama kwenye kiambishi, kama ilivyotarajiwa. Darasa likawa kimya, nikasikia kunguru juu ya bati. Neno likatoka. Akaendelea. Akakwama tena pengine, akatoka. Mara moja alishindwa kabisa, akaandika lile neno ubaoni, akasema wasome wao, na wakasoma kwa pamoja. Hawakulifanya jambo kubwa. Lilikuwa somo la viambishi, lenye sehemu nzuri na sehemu za kuchosha. Nilisikiliza hadi kengele.

Walipotoka, Helena alikaa naye darasani kwa muda, nikasikia anavyomhoji. Kisha Heri akatoka peke yake, vitabu kwapani. Nilijua atanipita. Nilijiandaa kupitwa.

Akasimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu salamu."

Akahamisha vitabu kwapa la pili. Niliona kwamba naye anaogopa, na sikuwa nimefikiria hilo.

"Ba-basi niambie," akasema.

Sifa zote nilizokuwa nazo zilikimbilia mdomoni. Nikaziacha zipite. Nikamwambia kwamba kuna mtoto wa kike, karibu na dirisha, aliuliza kwa nini neno "kula" halifuati kanuni aliyoiandika, naye akasema watalirudia baadaye, na hakulirudia.

Aligeuka akaliangalia lile dirisha.

"Ni kweli," akasema. "Sikuwa na jibu. Nilimkimbia."

"Unalo sasa?"

"Sina."

Tukakaa kwenye ngazi ya darasa, tukaanza kulitafuta.